Chapa Ndani ya Ukanda wa Saa

Muthama, mwana wa mama yangu,

Mvua imenyesha kidogo juu ya kaburi lako na udongo umeshuka upande wa miguu. Nitaongeza mwingine. Wachungaji wawili wamekwisha kuniambia kwamba kumwandikia maiti si jambo la Mkristo. Nimewasikia, na bado ninaandika, kwa maana kuna swali ulilonisumbua nalo na nilikujibu vibaya.

Uliniuliza: "Kaka, watu wa hapa Kyuso watataka kuvaa saa hizi?"

Ulikuwa umezileta kutoka Nairobi ndani ya boksi la biskuti, zile saa za kisasa zinazohesabu hatua na kupima mapigo ya moyo. Nilikutazama kwa namna ile uliyoiita ya mwalimu kwenye paredi. Nikakwambia kwamba mtu anayelima ndengu na kuchunga mbuzi hahitaji kitu cha mkononi kumwarifu kwamba amechoka. Nikakwambia uzirudishe. Ulicheka mpaka ukakohoa.

Nilikosea. Wamezivaa. Na kwa sababu wamezivaa, mtu nusura auawe mbele yangu, kwa jina lako, na mwanao ndiye aliyempiga pigo la kwanza.

Nitaeleza kwa utaratibu, kadiri nitakavyoweza.

Walikuvizia kwenye korongo, jua likiwa juu bado, ukirudi kutoka sokoni kwa miguu. Kama walikuwa wawili au watano, hatujui hata leo. Kule mochari tulikuvisha suti, mimi na mwanao Kioko, kwa sababu sikutaka mikono ya mgeni. Kisogo chako kilikuwa laini mahali ambapo hakipaswi kuwa laini. Taya lilikuwa limehama. Hayo Kioko aliyastahimili. Kilichomshinda ni mkono wa kushoto. Ukanda wa saa yako ulikuwa wa ngozi ngumu na wale watu hawakuwa na subira ya kufungua kishikizo, basi waliukata kwa panga, wakakata na kifundo cha mkono mpaka kwenye mfupa. Niliuvuta mkono wa shati ukafika vidoleni, nikaufunga kifungo. Kioko aligeuka akatazama ukuta. Hakulia. Nilianza kumwogopa tangu hapo.

Sasa nakuja kwenye chapa.

Hukuzipenda kanda za mpira zilizokuja na saa, ukasema zinatoa jasho na kuwasha. Ukaziondoa zote na kuweka za ngozi ya mbuzi wetu. Hilo nililisifu. Kisha ukaja kwangu kuomba chuma cha baba, kile kidogo cha kutilia mishale chapa ya ukoo, ambacho nakitunza kwa kuwa mimi ndiye kifungua mimba. Nilidhani unataka kukitazama tu. Nilipotoka nje nilikukuta umechuchumaa mbele ya jiko la makaa, na kanda zimepangwa juu ya ungo kama samaki, zote zimeunguzwa kwa upande wa ndani: mistari miwili iliyopinda na nukta katikati. Chapa yetu. Ile iliyokuwa kwenye ng'ombe wa babu na kwenye kila mzinga wa nyuki tulioning'iniza.

Niliwaka. Nilikwambia chapa huwekwa juu ya mali, wala si juu ya bidhaa. Mtu akikutwa na mzinga wenye chapa ya ukoo mwingine haulizwi ameutoa wapi. Unakumbuka tulivyofundishwa hilo, na yule jirani aliyepoteza vidole kwa ajili ya asali.

Ukanijibu: "Kaka, hakuna mtu anayetaka saa. Mtu anataka kuambiwa ni yeye peke yake." Ukanieleza mbinu yako huku ukipuliza makaa. Kila mnunuzi ungempeleka nyuma ya duka, umgeuzie ukanda, umwonyeshe chapa, umnong'oneze: "Hii nimekutilia wewe tu, kwa kuwa wewe ni mtu wetu. Usimwonyeshe mtu."

Nami siku hiyo hiyo ulinipa yangu. "Hii nimekutilia wewe tu." Hata hukuona haya. Niliitupa kwenye droo.

Ukaziuza zote. Mama Nduku wa ndengu, yule ambaye mumewe alisema saa ikimpima moyo itakuta jiwe, alinunua. Walimu wa msingi walinunua. Waendesha bodaboda walinunua kwa kulipa kidogo kidogo. Kila mmoja aliivaa, akaificha chapa kwenye ngozi yake, akajiona mteule. Walikuwa wakitembea hapa sokoni na siri moja, kila mmoja akidhani ni yake.

Na Hassan pia alinunua. Unamjua kuliko nimjuavyo mimi: kijana wa Mzee Abdi mwenye duka lililopakana na lako, anayenunua mbuzi huku na kuwapeleka Garissa na Mwingi. Alitaka kujua anatembea kiasi gani nyuma ya mbuzi. Naye ulimpeleka nyuma ya duka. Naye ulimwambia ni mtu wetu. Muthama, yule kijana alikuamini.

Siku ya soko baada ya mazishi, Hassan alikuwa kwenye zizi la mbuzi akimshika beberu pembe. Mkono wa kanzu ulipanda. Joto lilikuwa kali na alikuwa amelegeza ukanda. Saa ikageuka, na upande wa ndani ukaonekana. Mtu mmoja akaiona chapa. Sijui ni nani. Kila ninayemuuliza anamtaja mwingine.

"Hii ni saa ya Muthama! Oneni chapa!"

Mimi nilikuwa kwa fundi wa viatu, upande wa pili wa barabara. Nilisikia ule mvumo wa umati. Wewe pia uliwahi kuusikia. Hauna maneno mwanzoni, ni kama mawe yanayomwagwa kutoka lori. Nilikimbia na kiatu kimoja mguuni.

Hassan naye alikuwa amekimbia, akalizunguka soko, akazuiwa kwenye ua wa miiba. Nilipofika Kioko alikuwa tayari amempiga. Rungu lilishuka juu ya mkono aliokuwa ameuinua kukinga kichwa, na mfupa ukalia kama kuni kavu. Kioko akapiga tena. Damu ilikuwa kwenye meno ya Hassan na alikuwa akipiga kelele: "Mimi ni mtu wenu! Aliniwekea yeye! Muthama aliniwekea!" Kila alipolisema hilo walizidi kumpiga. Kwa sababu wengi wao waliambiwa maneno yayo hayo, na haikuwaingia akilini kwamba uliweza kumwambia yeye pia.

"Msomali apewe chapa ya ukoo? Na nani?"

"Hata uongo hajui kupanga!"

Jiwe likampata jicho. Niliona jicho likibadilika. Mtu alikuwa anavingirisha tairi kutoka gereji, akiliendesha kwa kiganja, polepole, kama mtoto anavyocheza.

Nilijipenyeza nikasimama juu yake, miguu huku na huku. Nilianza na hoja, kwa kuwa hoja ndiyo kazi yangu ya maisha. Nilipaza sauti kwamba ukanda wa Muthama ulikatwa kwa panga, niliuona mkono mwenyewe, na ukanda huu ni mzima. "Ameushona!" wakajibu. Nikamwambia Kioko: "Tulikuwa wote mochari. Tazama. Una mshono?" Hakutazama. Macho yake yalikuwa wazi lakini hayakuwa yakitumika.

Mzee mwenzangu mmoja, ambaye nakaa naye benchi moja kanisani, akaniita kwa dharau: "Mwalimu, toka hapo. Baba zetu walikaa king'ole wakamaliza mwizi kabla ya chakula cha mchana. Wewe damu ya ndugu yako inalia chini, unatufundisha kushona?"

Nikamwambia kwamba king'ole, hukumu ile ya kale ya kumuua mhalifu sugu, haikufanyika kabla jamaa wa mshtakiwa mwenyewe hawajaulizwa wakakubali. "Umemuuliza baba yake? Duka lake lile pale." Akatema mate. Kisha jiwe lililomlenga Hassan likanipata mimi mdomoni. Nilipoteza jino, na nikameza damu, na tairi lilikuwa limefika.

Ndipo ghadhabu ikanipanda, Muthama. Haikuwa huruma, nisijisifu. Niliwatazama nikaona nyuso nilizozifundisha herufi. Nikasema kwa sauti ile niliyostaafu nayo:

"Mikono mbele!"

Unaikumbuka. Kila Jumatatu asubuhi, ukaguzi wa kucha, na ole wake mwenye uchafu. Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Lakini mikono ilipanda. Si yote, na baadhi ikiwa na mawe bado ndani, lakini ilipanda kabla wenyewe hawajaamua. Hata aliyeshika chupa ya petroli aliinua ule mwingine. Na pale kwenye mikono niliziona saa zako, nyeusi nyeusi, kama kupe.

"Fungueni saa. Geuzeni ukanda."

Hakuna aliyetikisika. Nadhani kila mmoja alikuwa akilinda siri yake. Hassan chini yangu alikuwa akipumua kwa mluzi. Kisha Mama Nduku akaangusha jiwe lake, akafungua saa, akaugeuza ukanda juani. Mistari miwili na nukta. Akageuka kumtazama kijana wa bodaboda aliyesimama karibu naye, naye alikuwa amefungua yake. Mwalimu wa darasa la nne akafungua. Yule wa petroli akafungua.

"Lakini aliniambia ni yangu tu," mtu akasema, kama aliyeibiwa.

"Na mimi."

"Mimi alinipeleka nyuma ya duka!"

Mtu akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, cha kichefuchefu. "Kumbe sote tumekuwa ndugu. Muthama ametuuzia ukoo!" Na kicheko kile kikaivunja nguvu yao kuliko maneno yangu yote. Wakaanza kuondoka, wakipita upande upande, wasiangaliane.

Kioko alibaki. Alifungua saa yake mwisho wa wote. Wewe ulimpa siku alipopata leseni ya pikipiki. Aliitazama chapa, akamtazama Hassan, rungu likamtoka. Akaniuliza: "Hata mimi alinidanganya?" Ningependa ungekuwepo umjibu mwenyewe.

Hassan yu hai. Jicho halikuweza kuokolewa. Nilipomtembelea hospitalini alinisimulia jambo ambalo silisahau. Alisema wakati anakimbia saa ilikuwa ikimtetemekea mkononi, ikimwonya kwamba moyo unakwenda kasi mno, akae chini apumzike. Na alipofika kwenye ua wa miiba, kabla rungu halijashuka, kioo kiliwaka rangi rangi kikampongeza: alikuwa ametimiza hatua zake za siku. Alinieleza hayo akijaribu kutabasamu kwa upande wa uso uliobaki. "Mwalimu, hiyo saa haijui tofauti." Nikatoka nje ya wodi.

Kioko nilimpeleka kituo cha polisi mwenyewe, nikiwa nimemshika mkono. Mkeo hasemi nami tangu siku hiyo. Akiniona njiani hushika upande wa pili. Kesi ipo, na Kioko yuko nje kwa dhamana. Lakini Mzee Abdi alikuja kwangu na kijiti chake cha kupiga mswaki, akakaa, akanywa chai mpaka ikaisha, ndipo akasema: "Kijana wenu amevunja mkono wa mwanangu. Basi wake ufanye kazi ya ule." Sasa Kioko anachunga mbuzi wa Hassan, na Hassan anakaa kivulini na bendeji akimkosoa. Nimewasikia. "Huyo amebaki, kipofu ni mimi au ni wewe?" Kioko humrudia mbuzi.

Waliokuua hawajapatikana. Saa yako iko mahali fulani juu ya mkono wa mtu, au imezama mtoni, na ukanda wake una jeraha la panga ambalo hakuna mshono utakaolificha.

Yangu nimeitoa kwenye droo. Naivaa. Fundi wa viatu ameugeuza ukanda, chapa iko nje, kila mtu aione na asiwepo tena mtu wa kudhani ina siri. Watoto wananicheka: "Mwalimu amevaa saa ndani nje!" Nimewaacha. Siku ya soko naketi kando ya Hassan, naye yake ameigeuza vilevile. Kwa hiyo jibu la swali lako, ndugu yangu, ni kwamba hata mimi nimetaka kuivaa. Si kwa sababu uliyoifikiria.

Nipitapo kwenye korongo inatetemeka. Inaniambia moyo unakwenda mbio, nipumzike. Haijui kwamba ninapopita pale nahesabu mawe ya ukubwa wa ngumi. Nakwambia hili kwa kuwa wewe hutamwambia mtu: nikimpata aliyekukata mkono ule, nitatamani tairi. Nitalivingirisha mimi.

Basi hii ndiyo ahadi yangu, nimeiandika ili nisiweze kuikana. Siku atakapokamatwa mtu mwenye ukanda uliokatwa, na soko likaanza kuvuma, nitakimbia hata kama sina viatu, nitasimama juu yake kama nilivyosimama juu ya Hassan, nami nitamkabidhi mzima kwa sheria. Saa itapiga kelele mkononi mwangu. Iache ipige. Nitasema "Mikono mbele," na mkono wa kwanza kuinuka utakuwa wangu, mtupu.

Pumzika, Muthama. Udongo wa upande wa miguu nitaujaza kesho asubuhi. Kioko amesema atakuja na koleo.

Kaka yako.