Kamera ya Baba Yako Ninayo Mimi

Noela,

Uji uko kwenye chupa. Nimekwenda jumuiya.

~~Fundi Davis akija mpe kamera.~~ Usimpe. Nimeibeba kwenye kikapu pamoja na Biblia.

Ulipokuwa unaoga alikuja, akaitoa lenzi pale uani nami nafagia. Nikamwambia asubiri vumbi litulie lisiingie ndani, akacheka: "Mama Noela, hii imeshakufa. Noela achukue yangu mpya, aongeze hela kidogo." Jana picha ulizopiga kwenye ubatizo zilikuwa na doa moja. Leo alipoijaribu nikahesabu saba. Fundi gani huyo?

Marehemu baba yako alikuwa analowesha chandarua kwanza kinase vumbi, ndipo anabadilisha lenzi humo ndani. Loweka kile cha bluu, nikirudi tuisafishe. Madoa yakibaki, nunua nyingine, sitakuzuia. Ila siyo ya Davis.

Mama