Kimya Chetu Mbele ya Roboti

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Tangu Pasaka sijaandika hata mstari. Ni uzembe, nami nautubu. Lakini mashine hii! Miaka thelathini na mmoja nimesimamia chumba cha upasuaji hapa Mbeya, sijapata kuona vurugu kama za roboti hii ya kupasulia. Zamani Daktari Isakwisa alinyoosha mkono tu, mkasi ukawa kiganjani. Sasa amekaa kule pembeni, uso umezama kwenye skrini, sauti inatoka kwenye spika kama matangazo ya stendi. Leo mlango umefunguliwa mara kumi na nne—nimehesabu. Kebo imezuia kitanda. Lenzi imepata ukungu mara tatu.

"Mbona kimya?" akauliza. "Mmehamia Tunduma?"

Hakuna aliyejibu. Kwangu watu hawapayuki.

Alhamisi, 11 Septemba

Mzee Shamsudin, muuza vitenge wa Ilomba, tuliyempasua tezi dume Jumatatu, hawezi kukunja vidole vya mkono wa kulia. Mkono wa roboti ulimkandamiza kiwikoni karibu nusu saa. Daktari anasema huenda mshipa wa fahamu ukapona, huenda usipone.

Binti yake, Nasrin, amenisimamisha koridoni. "Mama, baba alikuja na mikono miwili mizima. Mtamrudisha na mingapi?"



Ijumaa, 12 Septemba

Kikao. Lawama zote kwa Yusta, muuguzi aliyesimama upande ule. Miaka tisa kazini, mpole, mchapakazi. Aliona? Aliona. Mbona hakusema?

"Daktari alikuwa anazungumza."

Bwana Saulo, mwenyekiti, akadakia: "Ahaa! Tungoje hotuba iishe, mgonjwa akiumia shauri yake!" Wakacheka.

Yusta hakueleza yote. Hakueleza kwamba alinitazama, akafungua kinywa, nami nikamkazia macho. Daktari alikuwa akimfokea fundi kuhusu lenzi. Nikadhani Yusta anataka kulalamikia kebo tena. Ndivyo nilivyomlea kazini: mkubwa akisema, mdogo husubiri. Zamani Daktari angeyaona macho yetu, angeuliza. Sasa haoni mtu.

Nilipaswa kusema pale pale. Nilinyamaza!

Jumapili, 14 Septemba

Baada ya ibada Yusta amekuja nyumbani. Nilitarajia machozi, au matusi. Ameniambia taratibu: "Usijisumbue, Sista. Umebakiza miezi minne ustaafu. Mimi nitarudi Iringa nikalime."

Nikamkaripia. Kulima nini, na leseni yako ya uuguzi! Akaondoka bila kumaliza chai.

Taarifa ya kikao iko mezani: muuguzi hakutoa tahadhari kwa uzembe wake. Inasubiri saini yangu, msimamizi. Nimeandika taarifa yangu mwenyewe, ya macho niliyomkazia, mara mbili, nikaichana mara mbili. Jumanne tuna mgonjwa mwingine. Yusta akifukuzwa, nani atathubutu kufungua kinywa?

Saulo amepiga simu. Anaitaka taarifa kesho saa mbili asubuhi, "isituletee maneno, Sista."

Nitaandika nikishajua nimemkabidhi karatasi yenye jina la nani, la Yusta au langu.