Kigari cha Kupandia Kiimani

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Mvua imeshika tangu alfajiri. Sijafanya kitu cha maana ila kutazama video za wazungu wakilalamikia vigari vyao vya shamba. Bando imeisha kabla ya chai ya saa nne.

Nijieleze hapa ili kesho nisijikanganye. Ninachokitaka ni kile kigari nilichokiona kwenye maonyesho ya kilimo mjini. Viti viwili kando kwa kando, usukani, paa dogo, na nyuma karai la kubebea magunia. Magurudumu manene. Kinapanda mlima kama mbuzi. Justus, jamaa anayeviuza pale Machakos, anakiita UTV. Mama Kyalo nilipomwonyesha picha alisema ni kiti chenye magurudumu, akaendelea kuchambua pojo zake.

Sababu ya haya yote ni yeye. Tangu avunjike nyonga hajafika Kiimani, shamba letu la juu. Huu ni msimu wa nne wa mvua. Kwa mguu hawezi, njia ni mawe matupu. Boda tulijaribu, lakini nyonga haikubali kutanua miguu, akashuka hata kabla hatujaondoka. Punda ni yaleyale. Anahitaji kukaa vile mtu anakaa kanisani.

Na Kyalo, mtoto wetu, amechoka kungoja. Ameshapanga nyumba Syokimau, ya chini kabisa, haina ngazi hata moja. Anakuja kumchukua mama yake Jumapili ya tarehe kumi na sita. Mimi pia nimealikwa. Shamba tulikodishe. Nikipata kigari kabla ya siku hiyo, labda tutabaki. Nisipopata, tunaenda. Nimemuuliza Mama Kyalo anataka nini. Amesema, "Nyinyi ongeeni." Hapo ndipo nilipokwama.

Jumatano, 5 Novemba

Miaka yote niliyofanya kazi kule EPZ Athi River, kwenye kiwanda cha nguo, nilikuwa mkaguzi. Suruali zinapita mezani, mimi natafuta kasoro. Ndogo inapita. Kubwa inarudi kwa fundi. Ya hatari, tuseme sindano iliyovunjikia ndani ya pindo, inasimamisha boksi zima. Sikukosea sana. Wengine walinichukia kwa ajili hiyo na mimi sikuwa na shida nao.

Sasa nimejaribu kuyapanga malalamiko ya vigari kwa mtindo huohuo. Nimeshindwa! Mmoja anasema belti ya injini inakatika mlimani. Mwingine, kigari kilekile, rangi ileile, anasema huu ni mwaka wa tatu hajaigusa. Huyu analia kwamba injini iko chini ya kiti, anaungua makalio. Yule anaishi kwenye theluji na anasifu joto hilohilo. Nani mkweli? Wote wawili, naona. Hilo linanisumbua kuliko kama mmoja angekuwa mwongo.

Halafu kuna mama mmoja, ameongea weee, kuhusu mahali pa kuweka kikombe cha kahawa. Kwamba ni padogo. Nimecheka peke yangu. Nimeandika: kasoro ndogo. Kisha nikafikiri, na fimbo ya Mama Kyalo itakaa wapi? Hakuna mahali pa fimbo. Nimeipandisha ikawa kubwa.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimeenda mjini kwa Abukar, yule muuzaji wa mbuzi. Anacho kimoja, kiko kwenye zizi lake kule Kivaa. Nilitaka kusikia kutoka kwa mtu anayekitumia kwenye jua letu na vumbi letu, si mtu wa theluji.

Amenikaribisha chai, na chai yote ilikuwa malalamiko. Belti imeungua mara mbili. Vumbi mpaka huwezi kujua mbuzi ana rangi gani. Kelele. Panya wamekula nyaya. Spea unangoja mpaka unasahau uliagiza nini. "Mzee, usinunue," ameniambia. "Hii kitu ni hasara na makelele."

Nikashukuru, nikajiona nimepata jibu. Nasimama kuondoka, simu yake ikalia, akazungumza Kisomali akicheka. Alipomaliza akasema ni habari njema, kile cha pili kimefika bandarini.

Cha pili kipi? Kigari. Ameagiza kingine.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema cha kwanza kiko na kazi nyingi, kinachoka. Nikasema, basi ni kizuri. Akanitazama kama mtu asiyesikia vizuri. "Si nimekuambia ni kibaya?"

Nimerudi nyumbani nikiwa mjinga kuliko nilivyotoka.

Jumapili, 9 Novemba

Baada ya misa nimemshika Ndila pale nje. Yeye ana matunda upande wa pili wa bonde, maparachichi na machungwa, na kigari chake kina zaidi ya mwaka. Nimemuuliza kuhusu belti. Akacheka. Joto? Akacheka tena. Malalamiko yake ni watu.

Anasema tangu akilete hajakimiliki. Kimebeba wajawazito, kimebeba jeneza la mzee mmoja lami ilipoishia, kimebeba viti na sufuria za kila harusi. Machungwa yake ndiyo yanakuja mwisho, yakiwa yamelegea. Na huwezi kukataa, anasema, kwa sababu hao hao ndio watakuzika. Video zote nilizotazama, hakuna mzungu hata mmoja aliyetaja jeneza. Nimeshindwa kuipima. Ni kasoro ya kigari au ni kasoro ya Kathiani, huku kwetu?

Nikaendelea kumuuliza, je mteremko, je breki, je mvua ikiingia ubavuni. Mwishowe akachoka nami. "Baba Kyalo, mchagua jembe si mkulima." Mbele ya watu! Imeniuma, na imeniuma zaidi kwa sababu mkulima kweli si mimi. Kiimani ni shamba la Mama Kyalo. Mama yangu alimpa yeye tulipooana, na mimi nilikuwa Athi River, narudi mwisho wa mwezi na mkate na sukari.

Yeye mwenyewe alikuwa ameketi hapo kando kwenye benchi, anasikia yote. Ndila akamgeukia akamuuliza, na wewe dada, unakitaka hicho kigari? Mama Kyalo akamuuliza kama kunde zake zimeshapaliliwa. Basi wakaongea kunde mpaka padre akafunga mlango wa kanisa.

Jumanne, 11 Novemba

Kyalo amepiga. Amesikia habari za kigari, sijui kwa nani. Bado huniita nau, baba kwa Kikamba, na mama yake mwaitu. Hakunipigia kelele, afadhali angepiga. Amesema polepole, "Nau, hiyo kitu ikipinduka na mwaitu akiwa ndani, utafanya nini?" Kisha akanitumia video ya kimoja kikiviringika kwenye mteremko. Nimeitazama mara moja tu. Kasoro ya hatari. Boksi zima limesimama.

Halafu akaniambia kwamba huko maji yako ndani ya nyumba, kliniki ni ng'ambo ya barabara, na mke wake ameshatandika kitanda cha wageni kwa shuka mpya. Natafuta kasoro kwa huyu kijana na siioni. Angekuwa mtoto mbaya ingekuwa rahisi. Ningemkatalia tu na kulala.

Jioni nimemkuta Mama Kyalo anakunja nguo zake na kuzipanga kwenye sanduku. Zote, hata koti la baridi. Nikasema moyoni, basi, ameamua, yamekwisha, hata ni nafuu. Nikamsaidia kufunga zipu.

Zipu haijafika mwisho akaniuliza kama nimeweka kando mbegu za kunde za msimu ujao.

Mtu anayehama anauliza mbegu? Au anauliza ili ampe Ndila? Nimeogopa kumuuliza. Nimeogopa jibu lolote kati ya hayo mawili.

Alhamisi, 13 Novemba

Justus amepiga. Kipo kigari cha maonyesho, anaweza kukileta Jumamosi mchana tukijaribu, ila lazima kirudi mjini mapema jioni, kuna mteja mwingine anakitaka. Nimesema alete. Sijui nimesemaje haraka hivyo.

Nimemuuliza kuhusu kupinduka. Amesema, "Mzee, inapinduka ukiipindua." Nimelifikiria hilo jibu mchana kutwa. Sijui kama ni jibu.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimepanda Kiimani peke yangu kutazama njia ya nyuma, ile ya kushushia mawe. Inapitika. Kuna kona moja mbaya.

Shamba lenyewe sasa. Vibarua wangu wamepalilia kingo tu, pale mtu anapoona akipita. Ndani ni msitu. Mahindi yanatafutwa. Na mimi nimekuwa nikipita njiani nikiona kingo safi na kwenda nyumbani kumwambia Mama Kyalo kila kitu kiko sawa! Mkaguzi mzima. Suruali hukaguliwa kwa kugeuzwa nje ndani, nilikuwa nikiwaambia wasichana wageni hilo kila siku.

Nilitaka kumwambia leo. Nikamkuta amefua ile gauni yake ya bluu na kuianika kwa ajili ya kesho. Nikaenda kupasua kuni badala yake. Nataka afike kule juu, na nataka asifike.

Jumamosi, 15 Novemba

Naandika nikiwa Kiimani, nimekaa kwenye jiwe juu ya tuta. Nilibeba hiki kitabu ili kuandika kasoro za kigari. Nitaandika upesi.

Viti ni viwili. Sikuwa nimefikiria hilo, mimi na ukaguzi wangu wote. Justus lazima aendeshe, na Mama Kyalo lazima akae kando yake, kwa hivyo mimi nikawa mzigo. Nimepanda nyuma kwenye karai, nimeshika bomba kwa mikono miwili. Justus akamfunga mkanda. Fimbo aliishika mkononi kama anachunga ng'ombe. Tukapanda.

Kelele ni kweli. Joto ni kweli pia, ila yeye alisema linamfaa nyonga. Kwenye ile kona mbaya nikasikia harufu ya belti, na kigari kikalala upande, nikamwona Kyalo na video yake. Nikaomba Mungu. Kikasimama sawa. Njia yote nilitaka kuuona uso wa mke wangu, nijue, lakini nilikuwa nyuma yake, niliona kilemba tu.

Tumefika. Justus akazima injini. Ndege wakaanza kusikika. Mama Kyalo akalitazama shamba lake, kutoka tuta la kwanza mpaka kule juu kwa mbaazi. Nilingoja aniulize. Nilikuwa nimetayarisha maneno.

"Hawa walipalilia kwa macho," akasema. Basi. Kisha, "Nishusheni."

Tukamshusha. Akaenda hatua chache kwa fimbo mpaka kwenye mstari wa kwanza, akailaza fimbo chini, akajishusha taratibu, mkono mmoja kwenye bega langu, mpaka akakaa kwenye udongo. Udongo mbichi, na gauni ya bluu. Nikadhani amechoka. Akaanza kung'oa magugu. Anang'oa, anakung'uta mizizi, anayalaza kando, halafu anajisukuma mbele kwa makalio na kung'oa tena. Hakuna aliyemfundisha hivyo, maana zamani alikuwa anainama. Nimebubujikwa na machozi nikageuka kutazama gurudumu.

Justus kwanza alicheka kwa furaha, akampiga picha. Sasa hacheki. Bosi wake amempigia mara mbili. Ameniambia, "Mzee, tushuke, jua linaenda." Nikamwambia Mama Kyalo tushuke. Akasema anamaliza huu mstari. Ameumaliza. Amegeuka, ameanza mwingine.

Nimechuchumaa karibu naye, nikamwambia mambo yote kwa mpangilio: belti inanuka, ile kona, spea, Abukar, jeneza, kwamba kesho Kyalo anakuja na mke wake ametandika shuka mpya, kwamba Justus anataka kujua tunanunua au hatununui, na mimi pia nataka kujua. Hakuinua kichwa. "Sogea," amesema. "Umekanyaga kunde."

Nimesogea. Nimerudi hapa kwenye jiwe.

Simu. Ni Kyalo. Anamtaka mama yake, simu yake haipatikani. Nimeipeleka. Mikono yake imejaa udongo, akaniambia niiweke sikioni, nami nikaishika. Kyalo huongea kwa sauti, nimesikia yote. "Mwaitu, mko wapi? Umefunga mizigo? Kesho niko hapo mapema, kabla ya misa."

Amesikiliza mpaka mwisho, mkono bado unang'oa.

"Niko kazini," akamwambia. Akaondoa sikio kwenye simu, akajisukuma mbele.

Simu nimeilaza hapa kando yangu. Haijakatika. Kyalo anaita, "Nau? Nau, kuna nini huko?" Justus amewasha injini, kiti cha kando yake bado kinamngoja Mama Kyalo. Ananitazama, na nyuma kwenye karai amenifungulia nipande.