Kofi Ulilompiga Aziz

Kitale,
Juni 2006.

Kwako mdogo wangu Kizito,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Natumaini hujambo, na kazi ya ghala hapo Moi's Bridge inaendelea vizuri. Sisi huku tu wazima wa mwili, ingawa Baba anakula kidogo na kulala kidogo. Nimempa Kemboi wa trekta barua hii akufikishie mkononi, maana simu zangu hupokei.

Kemboi ameniambia unakusudia kurudi Bungoma, ati kofi moja halikumtosha Aziz. Nakuomba, kabla hujaenda popote, usome mpaka mwisho.

Siku ile Lenah, aliyesoma na Sally, alipotupigia simu kwamba mdogo wetu amefariki akijifungua, tulifika Bungoma tukaonyeshwa udongo mbichi katika makaburi ya Waislamu. Alikuwa amezikwa jana yake. Ukamuuliza Aziz ni mume gani anayemzika mke bila kuwaita wazazi wake. Ukampiga mbele ya mama yake na majirani, naye akashika shavu, akasema tu, "Poleni. Poleni sana." Hata mimi nilimchukia.

Jumapili iliyopita pasta alimwomba Baba aongoze sala, kama ilivyo kawaida yake akiwa mzee wa kanisa. Alianza vizuri. Alipofika pale tunapoomba tusamehewe kama sisi tunavyosamehe, akanyamaza. Mama mmoja akajaribu kumsaidia maneno, lakini Baba akachukua kofia yake akatoka. Nilimkuta kwenye benchi nyuma ya kanisa. Akaniambia, bila kuniangalia, "Phelista, yule kijana alinipigia simu."

Kizito, Aziz alimpigia Baba asubuhi ile ile Sally alipofariki. Alimwambia kwamba wazee wao walitaka mazishi yafanyike mapema kama ilivyo desturi yao, lakini yeye amewaomba wangoje mpaka jioni ili tufike. Baba, ambaye tangu Sally aolewe na kusilimu hakutaka jina lake litajwe nyumbani, alimjibu, "Mzikeni mtu wenu," akazima simu. Aziz alijaribu tena jioni, hakumpata. Wakamzika. Na kesho yake Lenah alipotupa habari, Baba alipanda gari pamoja nasi kama mtu asiyejua lolote.

Aziz alijua hayo yote ulipokuwa ukimpiga. Baba naye alikuwa amesimama pale.

Tangu aniambie, sikusema naye. Nilimwekea chakula mezani nikaondoka. Nikipiga magoti kuomba, maneno yaliyotoka yalikuwa, "Bwana, mimi sitaki kumsamehe." Nilirudia hayo kila mara, maana sikuwa na sala nyingine ya kweli. Halafu asubuhi moja nimemwekea uji, nimeshageuka kuondoka, nikaona kwamba namfanyia Baba kile kile alichomfanyia Sally. Nimemtoa katika watu wangu, na bado naishi naye nyumba moja. Nikarudi nikaketi. Nilikaa mpaka akamaliza uji.

Baadaye akaniomba nimpeleke Bungoma. Tulimkuta Aziz kwenye cherehani yake karibu na msikiti. Baba akakiri yote mbele ya Shamira, mamake Aziz, ambaye hata yeye hakuwa akijua. Shamira alilia kwa hasira. Alimwambia Baba kwamba binti yake alimwita mpaka sauti ikaisha. Aziz akamtuliza, "Mama, basi."

Nikamuuliza Aziz kwa nini alinyamaza siku ile. Akasema, "Nafisa alikuwa akiniambia kila siku kwamba babake atakuja. Ningemwaibishaje mtu aliyengojwa hivyo?" Nafisa ndilo jina alilochukua Sally. Ndiyo mara ya kwanza nilipolisikia.

Mtoto ni wa kike, yuko hai, analelewa na Shamira. Baba hakuomba kumpakata. Shamira naye hakumpa.

Sikuandikii kwamba mambo yamekwisha, mdogo wangu. Hasira bado ninayo; naiombea asubuhi, na jioni naikuta imerudi. Sikwambii umsamehe Baba leo. Nakuomba tu usiende Bungoma na ngumi. Na usiku ukishindwa kulala, omba, hata kama ni vibaya kama nilivyoomba mimi. Nadhani Mungu anaisikia hata sala ya namna hiyo, maana sijui ni nani mwingine aliyeniketisha pale mezani.

Wasalimie wenzako hapo ghalani. Jerono jirani yetu anakusalimu, na watoto wake pia. Baba hajatuma salamu. Anasema hajui kama utazipokea. Mimi nakutumia zake hata hivyo.

Ni mimi dada yako,
Phelista.