Mshale Haukupanda

Baba Wanjiru,

Nimeianza barua hii mara tatu, na mara tatu nimeikunja nikaitia motoni. Leo nimefunga mlango, nimeomba kwanza, na nimemwambia mke wangu asiniite hata kwa chai. Najua wafu hawasomi barua. Mchungaji amelisema hilo mara nyingi na mimi ninaamini. Lakini niko na neno ambalo ni lako, na nimelikalia miaka mingi sana.

Kwanza nikupe habari za nyumbani. Mama Wanjiru ni mzima, ni goti tu linalomsumbua Julai baridi ikikaza. Kahawa ya upande wa chini waliing'oa, sasa ni nyasi ya ng'ombe. Na Wanjiru wako, yule aliyekuwa akipanda kwenye kiti chako lori likiwa limesimama na kunguruma kwa mdomo hadi mate yanaruka, sasa ni mwalimu wa kompyuta hapo mjini Nyeri. Chumba chao cha kufundishia kiko juu ya duka la mbegu. Mashine zote wamezifunika vitambaa, kama vile mama zetu walivyofunika redio. Ungecheka, wewe.

Majuzi aliniita. "Anko Kariuki, kuja unisaidie na kitu ya barabara." Nikavaa koti la Jumapili, nikaenda. Kumbe ametengeneza mchezo wa lori ndani ya kompyuta! Si wa kununua, ameuandika mwenyewe, jioni kwa jioni, wanafunzi wakienda nyumbani. Unaona usukani, unaona barabara ya mistari inakuja mbele yako, kuna mlima, na hapo chini kuna geji ya moto wa injini na mshale wake. Gia unabadilisha kwa vidole.

"Kuna michezo zingine nimeona," aliniambia, "unapanda mlima siku mzima na mshale imekaa tu katikati kama picha ya ukuta. Mimi nataka yangu ichemke. Vijana wa kusomea udereva wajue kabla hawajaharibu gari ya mtu."

Baba Wanjiru, nilifurahi kama mtoto. Nikakaa kwa kile kiti cha kuzunguka nikamfundisha yale uliyonifundisha wewe. Kwamba mshale hauruki mara tu mlima unapoanza, unangoja kwanza, halafu unakuja polepole. Kwamba ukizima injini juu ya mlima moto unazidi kupanda, ndiyo maana uliniambia tuiache ingurume kidogo ipumue. Kwamba asubuhi ya baridi pale Chaka, na ule upepo wa mlima, unaweza kwenda maili nyingi na mshale bado umelala chini. Yeye anaandika, anajaribu, ananiuliza. "Hivi?" "Punguza." "Hivi?" "Bado, ati hiyo ni lori ama ni sufuria ya chai?" Tulicheka mpaka mwalimu mwingine akachungulia mlangoni.

Halafu akasema, "Sasa uone hii. Maji ikiisha." Akabonyeza. Mshale ukaruka moja kwa moja hadi kwenye nyekundu, na mashine ikapiga kelele.

"Ni hivyo, si ndiyo?"

Nikautazama ule mshale kwenye nyekundu. Alivyoandika ndivyo kwetu Tetu wote wanavyoamini kuhusu wewe, na yeye amekua akisikia hivyo.

Unaikumbuka siku ile vizuri kuliko mimi. Tulikuwa na mbolea ya wakulima, mzigo umejaa mpaka springi zinalia. Mpira wa rejeta ulikuwa ukivuja, na ilikuwa kawaida yetu, kila tukifika Sagana, kabla ya kupanda kuja Karatina, taniboi, msaidizi wa dereva, ashuke na jerikeni aongeze maji. Taniboi nilikuwa mimi. Wewe ulibaki kwenye usukani ukiandika karatasi ya mzigo.

Nilienda kwenye mfereji wa maji nikakuta foleni ya akina mama na mitungi yao. Jua la Sagana unalijua. Nikaona haya kusimama na wamama, kijana wa lori kama mimi. Nikanunua mahindi ya kuchoma, nikakaa kivulini nikala. Nikajiambia maji ya asubuhi yatatosha. Niliporudi uliniuliza, "Umeweka?"

Nikakujibu, "Nimeweka, Mzee, mpaka imemwagika."

Mpaka imemwagika. Hilo la pili hukuniuliza. Nililiongeza mwenyewe.

Tukapanda. Mshale ulikuja kidogo, ukakutia wasiwasi, halafu ukaanza kushuka. Ukagonga kioo cha geji kwa kidole, ukatabasamu. "Unaona, Kariuki? Leo mlima umetuonea huruma. Asante Yesu." Ukaanza kuimba wimbo wa kanisani, na mimi nikaitikia. Niliitikia, Baba Wanjiru, na jerikeni kavu iko chini ya miguu yangu. Kabla ya Karatina injini ikagonga kama mtu anapiga bati kwa nyundo, moshi ukatoka, ikakwama.

Walipoifungua walikuta vyuma vimeshikana. Tajiri mwenye lori akasema umeona mshale ukipanda ukanyamaza, au ulikuwa umelala. Maji yako wapi? Yamechemka yakaisha, kwa sababu dereva hakusimama. Wewe ukasema neno moja tu, "Mshale haukupanda." Fundi akakitoa kile kidude cha geji, akakitumbukiza kwenye sufuria ya maji moto mbele ya watu wote, na mshale ukapanda vizuri kabisa. "Geji ni mzima, Mzee. Sema tu ukweli." Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na gurudumu la nyuma, nikitazama viatu vyangu.

Hukupata lori lingine. Mwaka ule walikuwa wakuchague mzee wa kanisa, wakakuruka, ati hawezi kusimama mbele ya watu mtu wa uongo. Ukarudi kwa ng'ombe. Na mimi nikajifunza usukani, nikawa dereva, watu wakanipigia honi barabarani.

Nitakwambia kitu kingine, maana nimesema leo nitamaliza. Ningeweza kusema kwamba sikujua jinsi jambo lile lilivyotokea. Lakini miaka miwili kabla hujafa, mpira wa rejeta ulinipasukia nikiwa karibu na Naro Moru, maji yote yakamwagika barabarani, na nikaona kwa macho yangu mshale ukishuka. Nikasimama. Nilikaa kando ya barabara mpaka injini ikapoa. Geji inapima maji, haipimi chuma. Maji yakiisha kabisa, haina cha kupima, inakuonyesha kwamba gari limepoa. Hapo nikaelewa kwa nini mshale haukupanda, na kwamba ulisema ukweli, neno kwa neno. Na ulikuwa hai! Ulikuwa hapo Tetu ukikata nyasi. Nilipita kwako wiki ileile, nikanywa uji, nikaongea juu ya mvua.

Halafu kifua kikakuzidi, nikaja kukuona hospitalini. Ukanishika mkono. Sauti ilikuwa imekwisha. "Kariuki, wewe ulikuwa kando yangu. Mimi nafikiri labda nililala macho wazi. Nililala?"

Nikakwambia, "Pumzika tu, Mzee."

Nilikuwa na jibu mdomoni. Lilikuwa neno moja, hapana. Ukaenda bila hilo neno, ukiwa umeanza kuwaamini wao kuliko macho yako mwenyewe.

Basi Wanjiru aliponiuliza pale kwenye kompyuta, nilimwambia. "Hapana. Maji ikiisha yote, mshale haipandi. Inashuka."

"Inashuka?"

"Inashuka, mama. Unafikiri gari imepoa."

Akainuka, akaenda dirishani, akasimama akinipa mgongo. Nilisikia mikokoteni huko chini, na mtu akiita bei ya kabichi. Alipogeuka macho yalikuwa yamejaa. "Kwa hivyo Baba hakudanganya watu."

"Hakudanganya."

"Hata mimi, Anko, nilikuwa nafikiri alidanganya. Nilikuwa namsamehe." Akajipangusa kwa kiganja. Halafu, maana ni mtoto wako na akili yake haitulii, akauliza, "Lakini maji ilienda wapi? Si mlikuwa mnaongeza Sagana?"

Bwana alikuwa amenifungulia mlango wazi kabisa. Sikuhitaji kusukuma.

Nikasema, "Ni mambo ya zamani. Sikumbuki."

Petro alipokana alitoka nje akalia. Mimi nilikaa, nikaletewa chai na mandazi, nikala, na binti yako akanishukuru. Alinisindikiza mpaka chini, akanishika mkono kwa mikono miwili. Jumapili iliyofuata, Meza ya Bwana ilipofika kwenye benchi letu, niliipitisha kwa jirani bila kugusa. Mke wangu aliniangalia. Sijamwambia bado.

Nimeomba msamaha kwa Mungu miaka hii yote, na ninaamini anasamehe. Lakini kila nikiomba naona kama Yeye ananyoosha kidole upande wa nyumba yako, ananiambia nianze huko. Msamaha wako siwezi kuja kuuchukua tena. Nilikuwa na miaka ya kuuomba, nikanywa uji.

Kwa hivyo barua hii siichomi. Naikunja, naiweka kwenye mfuko wa koti, na kesho asubuhi kabla wanafunzi hawajaingia nitapanda zile ngazi nimkabidhi Wanjiru, nikae hapo mpaka amalize kusoma. Akinifukuza, nitaenda. Akitaka nirudie maneno haya mbele ya mama yake, nitarudia. Na Jumapili, wakinipa nafasi au wakininyima, nitasimama kanisani niseme ni nani aliyekuwa mtu wa uongo kwenye lori lile. Nakuahidi hilo, na safari hii sitaongeza neno lisilokuwepo.

Kwaheri, Baba Wanjiru. Lile swali lako la hospitalini, jibu lake ni hapana. Ulikuwa macho njia nzima.

Ni mimi taniboi wako,
Kariuki