Kengele ya Mawingu Makaburini

Rafiki yangu, leo nimejiaibisha makaburini. Mbele ya watu wote!

Simu ya marehemu kaka nilikuwa nayo mfukoni. Tuko katikati ya kufukia, kengele ikalia. Ile yake ya kumjulisha setilaiti inapita. Ikipita juu, yeye alikuwa anapiga picha mawingu kutoka huku chini na kuwatumia watafiti wa hali ya hewa, wapate kulinganisha na picha za setilaiti.

Unajua kila nikirudi nyumbani kutoka kwenye mizunguko yangu alikuwa ananiachia mimi nipige. Mkono umezoea. Nikatupa koleo, nikainua simu, nikapiga, nikatuma. Kaburini! Haki ya Mungu sikufikiri.

Binti yake akanijia juu: “Baba mdogo! Baba anazikwa, wewe unapiga picha?”

Nikamjibu, “Mawingu, mwanangu.” Mawingu! Ndilo jibu nililokuwa nalo.

Shemeji akageuza uso.

Mara simu ikatetemeka. Binti akaninyang'anya, akasoma kwa sauti ujumbe wa wale watafiti: “Asante mzee wetu. Kimya chako juma hili kilitutia hofu.”

Nikanyoosha mkono niichukue, niwaambie ukweli. Akaikumbatia kifuani, analia.

“Usiwajibu leo, baba mdogo. Kwao bado yupo.”