Maharage ya Umwali ya bei ya nyama

Mukasine, Umwali ameumbuka leo, yebabawe!

Si unayajua yale maharage ya mbegu za kizamani, yenye madoadoa, aliyoyanunua kwa bei ya nyama? Leo mchana katualika tuyaonje.

Tumekula, tumesifu mpaka basi. Umwali kichwa kimemvimba: "Mnaona? Bei ina sababu yake! Ya sokoni hayaoni ndani!"

Bon, basi mama mkwe wake, ndiye aliyepika, akasema: "Lakini hii ni ya soko ya Mbugangari."

YA SOKO!

Umwali akauliza yake yako wapi. Mama akashangaa: "Ile nzuri? Nilipanda jana, mvua iko. Mutu anakula mbegu?"

Sasa hivi Umwali yuko nyuma ya nyumba na gauni lake la wageni, anafukuza kuku wasiyafukue.